Mtoto hakubemendwa

Leo tunataka kusema jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona jikoni na kwenye shughuli, na likitufika wenyewe tunalificha.

Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja. Wawili tuko Unguja, na mdogo wetu kaolewa bara, Mpapura, mkoani Mtwara. Alipojifungua hatukujaaliwa kwenda. Tulikwenda mtoto akiwa na miezi minane, msimu wa korosho umeshika. Nguo tulizomchukulia zilimpwaya zote.

Tulipouliza kadi ya kliniki, mdogo wetu alisema iko ndani, tutaiona baadaye. Kesho yake tukauliza tena. Usiku, wanaume wamekwenda kuswali isha, ndipo alipolia. Miezi mitatu hajampeleka mtoto kupimwa. Mara ya mwisho alisikia nyuma yake kwenye foleni: "Huyo kabemendwa."

Neno hili pwani yote tunalo, kwao na kwetu. Tumelelewa tukiambiwa kuwa mama anayenyonyesha akikutana na mumewe, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Basi mtoto akikonda, watu hawaulizi anakula nini. Wanauliza wazazi wamefanya nini. Na mama aliyelala na mumewe wa halali anabeba aibu kama mzinzi, anakaa nyumbani na mtoto wake anayezidi kukonda.

Hatukuwa na la kumjibu, maana mama yetu naye alitulea na neno hilohilo. Tulimwambia tu, "Kesho tunakwenda wote watatu. Wakisema, watuseme sote."

Nesi alimpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukasoma sentimita 12.1, njano. Akatueleza kuwa kuanzia 12.5 ni kijani, na chini ya 11.5 ni nyekundu, hatari. Habari za chumbani hakuuliza hata moja. Aliuliza mtoto alianza kula lini, anakula nini, mara ngapi, na nani anamlisha.

Majibu yalitoka moja moja. Uji alianzishwa na miezi minne, kwa sababu alikuwa analia na ikasemwa maziwa hayamshibishi. Uji wenyewe wa mahindi matupu, mwepesi, kwenye chupa, mara mbili kwa siku. Na tangu korosho zianze kudondoka, mama anaondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na bibi yake mpaka adhuhuri.

Nesi akasema taratibu. Miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata maji mtoto hayahitaji. Tumbo lake dogo likijazwa uji, hanyonyi vizuri, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Ikitimia miezi sita, maziwa peke yake hayatoshi tena, hasa kwa madini ya chuma, kwa kuwa akiba aliyozaliwa nayo imepungua. Hapo anahitaji chakula, na uji wa kunywa kama chai si chakula cha kumkuza. Uwe mzito, ukae kwenye kijiko usimiminike. Aanze na vijiko viwili vitatu, apandishwe mpaka nusu kikombe. Miezi sita hadi minane, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Na ziwa liendelee.

Tuliporudi nyumbani tuliona haya. Korosho zilikuwapo, dagaa, boga, mchicha, na mayai ya kuku wa bibi. Tulikuwa na chakula, mtoto anapewa maji ya mahindi. Tukazikaanga korosho na kuzitwanga mpaka zikawa laini kabisa, kwa sababu nzima humpalia mtoto. Dagaa tukawaosha, tukawakausha kwenye chungu, tukawatwanga. Chupa tukaiacha, maana kuisafisha ni kazi, tukatumia kikombe na kijiko. Mdogo wetu akajifunza kukamua maziwa kabla ya kwenda shamba. Bibi mtu tulimwambia, "Mama, hatukuja kukufundisha kulea, tumekuja kukusaidia." Yeye ndiye aliyeshika kijiko.

Lakini aibu ilikuwa bado haijamtoka mdogo wetu. Tukamsomea hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, iliyopokewa na Judama bint Wahb, Allah amridhie. Mtume (s.a.w.) alikaribia kuwakataza wanaume kukutana na wake zao wanaonyonyesha, kisha akazingatia kuwa Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakukataza. Mdogo wetu akasema, "Soma tena." Tukasoma tena.

Wazee wetu hatuwadharau. Mimba ya harakaharaka huweza kumfanya mtoto aachishwe ziwa kabla ya wakati, na Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Hapo wazee na wataalamu wanakutana. Ila kupanga uzazi ni mazungumzo ya mke na mume na mhudumu wa afya, na kumsema mama kwenye foleni hakumuongezei mtoto hata gramu moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Hao wote tutasema wamebemendwa?

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetuwekea njia. Kunyonyesha ni miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Wazazi wakitaka kumlikiza mtoto kabla ya hapo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Na chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha yako juu ya baba. Kwa hiyo mama akinyonyesha huku anashinda na njaa, hilo nalo ni jambo la dini. Shemeji yetu alilisikia, na kesho yake alirudi na samaki.

Baada ya mwezi na nusu, sisi tumesharudi Unguja, mdogo wetu alipiga simu. Utepe umesoma 12.7. Akasema safari hii alikaa benchi la mbele.

Dada, ukimuona mama na mtoto aliyekonda, muulize amekula nini, kisha msindikize. Allah awakuze watoto wetu katika afya na imani. Amin.