Stesheni ya Hooghalen

Nilipokuwa katika ziara ya masomo huko Uholanzi, mwenyeji wangu, mwalimu mzee, alinipeleka kijiji cha Hooghalen katika jimbo la Drenthe. Treni za Groningen hukipita kijiji hicho mbio bila ya kusimama, kwa maana stesheni yake ilikwisha fungwa zamani. Nikamwuliza kuna nini cha kutazama. Akanijibu, "Twende, Mwalimu. Ni kilomita 5 tu kwa miguu."

Mwisho wa njia ile ilikuwapo kambi ya Westerbork. Serikali ya Uholanzi iliijenga mwaka 1939 iwe kimbilio la Wayahudi waliotoka Ujerumani. Wajerumani walipoitwaa nchi, wakaigeuza kuwa mlango wa mauti. Mnamo Julai 1942 watu walitembezwa kutoka kambini hadi Hooghalen kupanda treni. Mwezi wa Novemba reli ikaingizwa kambini kwenyewe. Kwa kawaida safari ilikuwa Jumanne, na usiku wa kuamkia siku hiyo majina yalisomwa mabandani. Zaidi ya watu 100,000, Wayahudi pamoja na Wasinti na Waroma, walipelekwa Auschwitz, Sobibor na kwingineko. Waliorudi ni 5,000 hivi.

Leo pana mawe 102,000, kila jiwe mtu mmoja. Kilichonichoma moyo si ukatili peke yake, bali utaratibu wake. Karani aliandika orodha, dereva aliendesha gari, shirika la reli likalipwa nauli. Yamkini kila mmoja alijiambia, "Nafanya kazi yangu tu." Shirika hilo liliomba radhi mwaka 2005.

Hapo nikakumbuka asubuhi moja shuleni, nilipopewa orodha ya watoto wasiolipa karo. Niliyasoma majina yao kwa sauti safi, kama nilivyofundishwa chuoni, nao wakaenda zao nyumbani. Mmoja hakurudi tena, wala mimi sikumtafuta. Silinganishi mambo hayo mawili, kwani hayalingani hata kidogo. Lakini maneno niliyojiambia siku ile yalikuwa yale yale.

Mwaka 2020 majina yote 102,000 yalisomwa tena pale Westerbork, mchana na usiku, ili wenyewe wasisahauliwe. Nami niliporudi nyumbani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuliza njia ya kwenda kwa yule mtoto.

Basi nawe kijana, siku utakapotiwa orodha mkononi, uliza kwanza inawapeleka wapi wenye majina.