Kazi ni ya Bwana, Nasi Pia ni Wake

Katika umoja wetu hakuna siku isiyokuwa na shughuli. Jumatano ni maombi, Alhamisi ibada ya nyumba kwa nyumba, Ijumaa twatembelea wagonjwa, Jumamosi ni usafi wa kanisa na mazoezi ya kwaya. Hapo hatujahesabu misiba, wala wageni wa semina wanaolala kwetu na kula kwetu. Waume nao wanasubiri chakula, na watoto wanataka wakaguliwe madaftari. Kazi hii twaipenda, hakuna aliyetulazimisha. Hata hivyo mwili ni mwili.

Kilichotufanya tukae chini na kulitafakari jambo hili ni ujauzito wa mwenzetu mmoja, mweka hazina wetu na kiongozi wa jiko. Mimba ilipofika mwezi wa saba shinikizo la damu lilipanda, uso na mikono vikavimba, kichwa kikauma bila kuachia. Daktari akamlaza siku ile ile, akatueleza bila kuficha kwamba kifafa cha mimba huanza hivyo, na kwamba huweza kumwua mama pamoja na mtoto. Mkutano wa Injili ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Tulipokwenda kumwona tulidhani tutamkuta akihofia maisha yake. La! Alikuwa akihofia sufuria. Nani ana ufunguo wa stoo? Nani atahesabu sahani za kuazima? Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja wetu alijua kwamba angeuliza hayo hayo.

Jioni ile tulisoma pamoja naye habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amechoka, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Angalieni Mungu anavyoanza naye. Hamkemei, wala hampi ratiba mpya. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa, na maji, kisha anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Ni baadaye sana, kule mlimani, ndipo anapoambiwa kwamba wapo watu 7,000 waliobaki waaminifu. Eliya alidhani amebaki peke yake, kumbe Mungu alikuwa na watu wake muda wote huo. Mwenzetu alisikiliza, akauliza kama kuna mtu wa kumletea uji asubuhi. Tukajua ameanza kupumzika.

Wengine wetu tulimkumbuka pia Amy Carmichael, yule mama wa Ireland ambaye tangu 1901 aliwalea watoto huko Dohnavur, kusini mwa India, wengi wao wakiwa wameokolewa wasitolewe kwa mahekalu. Watoto walimwita Amma, yaani mama. Mwaka 1931 alianguka, akaumia vibaya, na karibu miaka 20 iliyobaki, hadi alipofariki 1951, aliishi zaidi chumbani mwake. Kazi haikufungwa. Wengine waliishika, naye akaandika vitabu vingi akiwa kitandani.

Lakini tuseme kweli. Kusema kwamba Mungu anatawala si kusema kwamba kila mtoto atapona. Kitanda cha pili alikuwapo mama aliyempoteza wake wiki ile ile. Hatukumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo, hata yakiwa na ukweli ndani yake, hayamfai mtu ambaye maziwa yanamtoka na hana wa kumnyonyesha. Tulimletea chai, tukakaa. Sisi wenyewe usiku ule tuliomba bila kujua tutajibiwa nini, na nadhiri za kumfurahisha Mungu kwa kazi zaidi hatukuweka. Anatupenda tayari, hatupatani naye bei.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kiganja na nusu, akalelewa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mpaka akaongeza uzito. Mkutano nao ulifanyika. Wageni walikula ugali na maharage badala ya pilau, na hatukusikia kwamba mahubiri yalipungua nguvu kwa sababu hiyo.

Tangu hapo Ijumaa tumeigawa kwa zamu: wanne huenda hospitali, wengine hubaki nyumbani, na atakayelala mchana alale. Mwenye mimba au mtoto mchanga hapangiwi jiko. Baadhi ya mama zetu wazee wanaona kwamba tunalea uvivu, kwani wao walipika kwa kuni mgongoni wakiwa na watoto. Twawaheshimu, na neno hilo bado tunalizungumza nao. Mmoja wao, hata hivyo, Ijumaa iliyopita alikutwa amejinyosha mkekani chini ya mwembe wake, viatu pembeni, na hakuna aliyemwamsha.