Kimea, chachu na kaye: kupika pombe pamoja Kasongo na Kabambare

Mtu akitaja pombe kwetu Kasongo, wengi wanawaza vitu viwili: bia ya kiwanda iliyofika juu ya pikipiki, ao lotoko. Ile ya katikati inasahauliwa. Ya katikati ni pombe ya mahindi, iliyopikwa nyumbani na kunywewa na watu wanaojuana. Sisi tulio katika kikundi cha kuipika tunaandika kurasa hizi ili kazi yake ijulikane, na shida yake pia.

Tuko watu 14: walimu, washonaji, mama wakulima na vijana wawili wa pikipiki. Wengine ni wa Kabambare, na ujuzi wa kimea tuliupata hasa kwa mama wazee wa upande ule. Mara moja kwa mwezi tunakutana kwa mmoja wetu. Kila mtu analeta kopo mbili za mahindi, na mwenye nyumba anatoa kuni na maji. Ni kama likelemba, lakini zamu inaleta sufuria, hailete franga.

Malofu ni rahisi kueleza. Utomvu wa mchikichi una sukari tayari, na chachu inaingia yenyewe kutoka hewani na ndani ya kibuyu. Asubuhi malofu ni matamu, jioni yana nguvu, kesho yake yanaanza kuwa siki. Mahindi hayako hivyo. Nafaka imeficha sukari yake ndani ya wanga, na lazima uifungue. Ufunguo ni kimea.

Tunaloweka mahindi siku mbili, tunayatandaza chini ya majani ya ndizi, tunayanyunyizia maji. Punje zikitoa mizizi, tunazianika juani, kiisha tunazitwanga. Punje yenye ukungu inatupwa, hata kama ni ya mwenye nyumba, maana ukungu wa mahindi una sumu ambayo moto hauimalize. Tunapika uji mzito wa unga wa mahindi na wa muhogo uliolowekwa vizuri. Uji ukipoa kidogo, tunatia unga wa kimea. Hapo mama mmoja anaingiza ncha ya kidole na kuitoa mbio. Kikiungua, anasema: «Bado, mutaua kimea.» Kikikaa bila taabu: «Mumechelewa.»

Sisi tuliosomea ualimu kule ISP tunajua jina la kitu anachokilinda. Wafaransa Payen na Persoz walikitoa ndani ya kimea mwaka 1833, wakakiita diastazi. Ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na moto mkali unakiharibu. Mama hajasikia jina hilo, lakini kidole chake hakikosei. Kesho yake tunachemsha tena, tunapoza, tunatia machicha ya pombe iliyopita. Ndani ya machicha kuna chachu hai, ile ambayo Pasteur aliieleza katika kitabu chake juu ya bia mwaka 1876. Siku mbili ao tatu, inachemka bila moto. Mwanafunzi mmoja alipoiona alisema: «Mwalimu, huu ni uji wenye kukasirika.» Tangu siku ile somo la uchachu halitusumbue tena darasani.

Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi tangu wakati wa Tippu Tip, na jirani ni jirani. Hatupike mwezi wa Ramadhani, hatupike karibu na msikiti. Mama mmoja Mwislamu anatengeneza kimea kuliko sisi wote. Anakuja siku ya kwanza, anachota uji mtamu wa watoto wake kabla ya machicha kutiwa, anaaga. Hakuna anayemcheka.

Mtu atauliza kama kazi hii ni ya kizamani tu. Huko Marekani, kupika bia nyumbani kulikuwa kumekatazwa na sheria ya nchi nzima tangu wakati wa marufuku ya pombe, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria ya kuruhusu mwaka 1978. Mwaka uleule Charlie Papazian, ambaye naye alikuwa mwalimu, alisaidia kuanzisha chama cha wapikaji wa nyumbani katika mji wa Boulder. Ubelgiji nayo, iliyotutawala, ilipata mwaka 2016 kuandikisha desturi yake ya bia katika orodha ya urithi ya UNESCO. Sisi hatuna orodha. Tuna kaye moja, ambamo tunaandika siku, vipimo, jua ao mvua, na ladha iliyotoka. Mama wazee wanaojua bila kuandika wanapungua kila mwaka.

Shida yetu kubwa ilitoka ndani. Kijana mmoja alisema: pombe ya mahindi inaisha kwa wageni, lakini tukiipitisha kwenye pipa na bomba, tutapata lotoko, na lotoko inauzwa. Tulibishana muda mrefu. Lotoko ina nguvu mara nyingi kuliko pombe, na tumezika vijana. Wakoloni waliikataza, watu wakaipikia porini. Kumbe kukataza peke yake hakutoshi. Ndipo mama mmoja mjane akasimama: «Musiitukane. Lotoko njo ilisomesha watoto wangu. Ninyi walimu munakula wapi?»

Tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari wazazi wangali wanalipa, na ile nyongeza tunayopata juu ya mshahara inatoka mikononi mwao. Franga nyingine zina harufu ya pipa.

Tukakata hivi: kikundi hakitapika lotoko, na hakuna mwanachama atakayemsema vibaya anayeipika. Pia tuliongeza likelemba ya franga, inayotolewa mwanzo wa mwaka wa masomo kwa mwenye mtoto sekondari. Haitoshi. Yule mama bado anawasha pipa lake mara mbili kwa mwaka, zamani ilikuwa kila juma. Anakuja kwetu vilevile, na kidole kinachopima kimea ni chake.

Kwa hiyo wewe msomaji wa Kibombo, wa Kindu ao wa Kabambare, kama kwenu bado kuna bibi anayejua kimea, usingoje. Kusanya watu watano, nunua kaye, mwombe awafundishe msimu huu wa mavuno. Andika jinsi anavyopima, hata kama anapima kwa kidole.