Gesi Haiishi, Huvuja

Jumamosi moja jioni mama alifungua jokofu kuchukua dawa yake, akakishika kichupa, akanyamaza. Kisha akaniita kutoka jikoni: "Mwanangu, hii haina baridi."

Mlikuwa na vichupa vitatu vya insulini ambavyo havijafunguliwa, akiba yake yote. Vichupa vya namna hiyo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Dawa ikikaa katika joto hupungua nguvu, na mara nyingi macho hayawezi kulitambua jambo hilo. Tulivitia katika kopo lenye kifuniko, kopo tukaliweka ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kilicholowa maji, kama wazee walivyopoza maji ya kunywa. Nikampigia simu fundi.

Jokofu lile ni la marehemu baba. Alilinunua kuukuu kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama, nami nikiwa darasa la tatu. Fundi, kijana mwenye adabu, alifika asubuhi, akaligusa, akasikiliza mngurumo wake, akatoa hukumu: "Mwalimu, gesi imeisha. Nitakata bomba, nitoe iliyobaki, nijaze mpya."

"Kama imeisha, iliyobaki ni ipi?"

Tulicheka sote, lakini swali lilibaki pale. Wanafunzi wangu wanajua jinsi ninavyosumbua watu kwa vitenzi. Mafuta ya taa huisha kwa sababu yanaungua. Gesi ya jokofu haiungui. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto la ndani na kulitupa nje kupitia zile neli nyeusi za nyuma, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, ipo tundu inapovujia, na kujaza bila kuziba tundu ni kumwaga maji katika pakacha.

Tena kibati cha nyuma kiliandikwa R12. Hiyo ndiyo gesi yenye klorini ambayo mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba jamii yake hulila tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaanza kuiondoa duniani. Mtungi wa fundi, kwa upande wake, uliandikwa R134a. Gesi hiyo haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia, nayo ni miongoni mwa zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza hapa hapa Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016. Isitoshe, haipatani na mafuta ya kulainisha yaliyomo katika kompresa za zamani. Tungeliua jokofu na kuichafua hewa kwa malipo yaleyale.

Nikamwomba fundi tuanze na yasiyo na gharama. Mota ilikuwa ikifanya kazi bila kupumzika, kwa hiyo umeme haukuwa tatizo. Kikasha cha barafu kilikuwa kimefunikwa na theluji nene kila upande. Hapo fundi mwenyewe akatikisa kichwa: gesi inapopungua, theluji hushika sehemu moja tu, karibu na mahali inapoingilia. Nilifunga mlango juu ya karatasi, nikaivuta. Upande wa chini ikatoka bila kukwama. Mpira ulikuwa umekakamaa, ukiingiza hewa yenye unyevu, na unyevu ule ndio uliogeuka theluji na kuzuia baridi isienee.

Tulipolivuta jokofu kutoka ukutani, niliona haya. Neli za nyuma zilikuwa zimevaa vumbi kama blanketi. Ni mimi niliyelisukuma hadi likagusa ukuta, ili kochi jipya lipate nafasi. Joto lilikosa pa kwenda.

Tulizima, tukaiacha theluji iyeyuke yenyewe. (Msiibandue kwa kisu, ukitoboa bati lile, gesi yote inatoka.) Tulipiga neli brashi, tukaulainisha mpira kwa maji ya moto, tukaacha nafasi ya kiganja ukutani. Kesho yake alfajiri kipimajoto nilichokilaza ndani ya glasi ya maji kilionyesha nyuzi 5. Mama alivirudisha vichupa vyake kimoja kimoja, baada ya kumpigia simu mfamasia na kumweleza vilivyolala.

Fundi nilimlipa kazi yake, ingawa hakukata bomba. Kabla hajaondoka nilimuuliza: siku jokofu hili litakapokufa kweli, gesi yake ataifanyaje? Akasema ipo mashine ya kuinyonya na kuihifadhi katika mtungi, ila yeye hana. Huwa anaiachia tu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, nilisimama katika mkutano wa kijiji nikauliza majokofu makuukuu yapelekwe wapi. Mwenyekiti aliliandika swali katika daftari lake. Kisha akauliza ni nani mwingine anayo, na mikono saba ikanyanyuka.