Mizinga ya Uani

Kwetu Sikonge, mkoani Tabora, mtu akisema ana nyuki huwa wako porini, mbali kwa baiskeli, kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti. Mjomba wangu alizichoka safari hizo. Alipopata mbao akagonga mizinga mitatu ya viunzi, akaitundika nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Majirani wakamwona amepungukiwa. Nyuki wetu si kuku. Ni kwa ndugu zao hao mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alichukua malkia, wengine Afrika Kusini, wengine hapa Tanganyika, akawapeleka Brazil. Mwaka uliofuata wakatoroka, na Wamarekani wakaja kuwatengenezea sinema za kutisha.

Mjomba alikwisha kuyafikiria hayo. Alikuwa na ua wa michongoma uliompita mtu kimo, ili nyuki wakitoka mzingani wapande juu kabla ya kukatiza uani. Upande ule mbuzi hakufungwa kamba hata siku moja, maana nyuki wakichafuka aliyefungwa hana pa kukimbilia. Kiangazi tuliwawekea maji kwenye sinia lililojaa kokoto, wapate pa kutua wasizame. Tukisahau, wanahamia kwenye ndoo za mama, na kesi inakuwa yetu.

Kazi yetu watoto hasa ilikuwa siafu. Kila mzinga ulining'inia kwa waya kati ya nguzo mbili, na waya umepakwa grisi. Grisi ikishika vumbi, siafu wanaitembelea kama barabara, kwa hiyo tuliifuta na kupaka upya. Halafu nyasi. Unyasi mmoja tu ulioegemea ubao wa chini ni daraja tosha, na mjomba alikuwa anapiga magoti kukagua tulivyofyeka. Nilimwona mnoko. Usiku mmoja wa masika tawi la mwembe, zito kwa mvua, liliinama likagusa mfuniko. Tuliamshwa na mvumo ambao haukuwa wa kawaida. Kufika na kurunzi, nyuki wamejazana nje ya mzinga kama ndevu, na msafara mweusi unashuka tawini. Mjomba alikata tawi kwa panga huku anaumwa, sisi tukimwaga majivu ya moto chini. Kundi lile lilipona, ingawa majana mengi yalikuwa yameshaliwa.

Kukagua kwake kulianzia mlangoni. Alichuchumaa pembeni akitazama: wanaingiza chavua miguuni? Wanatupa nje majana yaliyokufa? Mara nyingi iliishia hapo. “Mjomba, wameshakaguliwa hao,” ananiambia, tunarudi kunywa chai. Siku ya kufungua ilikuwa jioni, jua likizama. Moshi kidogo mlangoni, tunasubiri, ndipo anainua mfuniko na kugonga viunzi kimoja kimoja kwa kidole. Kinachotoa sauti tupu hakina sega, na hapo ndipo pa kuanzia. Kiunzi alikiinua wima, wala hakukilaza, kwa sababu sega linashikwa juu tu na nta ya joto ni laini. Malkia hakumtafuta. Akiona mayai yamesimama chini ya vijumba alijua yupo, au alikuwepo siku tatu nyuma, maana baada ya hapo yai huanguliwa. Masega ya zamani, meusi, yasiyo na kitu, aliyatoa kabla nondo hawajayasuka utando. Vile vimende vidogo vyeusi hakuhangaika navyo. Nyuki wenyewe waliviswaga kwenye kona na kuvifungia kwa gundi yao.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, alikuja bwana mmoja aliyetoka mafunzoni, mjomba hayupo. Akafungua saa saba mchana, jua la utosi, akitaka kutuonyesha malkia. Alilaza sega la kwanza. Likakatika, asali ikamwagika juu ya majana, na kilichofuata kilitufungia ndani hadi magharibi. Siku chache baadaye mzinga ulikuwa mtupu. Nyuki wa kwetu wakisumbuliwa hawavumilii, wanahama.

Mjomba hakugomba. Alisafisha mzinga, akasugua nta mpya kwenye viunzi, akasubiri. Maua yalipojaa porini kundi jingine likaingia. Wiki hiyo alinunua mnyororo na kufuli la mfuniko, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la shati lake.