Kabale: Mahali Nilipojifunza Kupanda Mbegu

Msafiri aondokaye Kampala kuelekea kusini-magharibi huvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, akapita Masaka na Mbarara, na baada ya mwendo wa yapata kilomita 400 huiona nchi ikianza kujikunja. Vilima husimama bega kwa bega, na kila kilima kimekatwa ngazi tangu bondeni hadi karibu na kilele. Hapo ndipo Kigezi, na mji wake mashuhuri ni Kabale, ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa bakulini, na usiku blanketi moja halitoshi.

Mimi ni askari polisi. Nilihamishiwa huko pamoja na mke wangu na watoto wetu watano. Nilizaliwa kambini na kukulia kambini. Chakula nilikijua kikiwa sokoni au kikiwa sahanini. Jembe nilikuwa nimelishika shuleni tu, tena kwa adhabu.

Gharama za kuhama zilitumaliza. Mwezi mzima wa Septemba tulikula posho na maharage, hata mtoto wetu wa mwisho akaanza kuisukuma sahani yake. Jioni moja mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba watoto, nyuma ya nyumba pana ardhi. Tumezungukwa na watu wanaolima hata ubavu wa mlima, nasi tunanunua mboga kwa kuhesabu majani." Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Nilijitetea kwamba askari hapandi, maana hajui kama atakuwapo siku ya kuvuna. Mke wangu hakunijibu.

Kesho yake nilinunua pakiti za mbegu za kabichi na sukuma wiki. Nilichimba mashimo yenye kina cha kidole, kama nilivyowahi kuona watu wakipanda mahindi, nikafukia na kushindilia kwa kiatu. Baada ya wiki mbili yakachomoza majani ya kijani. Niliyamwagilia kwa furaha siku sita, mpaka jirani mmoja alipouliza kwa adabu kwa nini natunza magugu.

Mara ya pili nilimwaga mbegu juu juu, nyingi mno, katika kitalu kidogo. Ziliota zikasongamana kama nywele. Nikazinywesha asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne tangu kuota nilikuta miche imelala chini, shingo zake zimekuwa nyembamba kama uzi. Watoto waliitazama kisha wakanitazama mimi. Zilibaki mbegu za kabichi nusu pakiti, na mfukoni hapakuwa na fedha ya kununua nyingine.

Ng'ambo ya ua wetu alikuwa akilima bibi mmoja mzee, ambaye watoto walimwita Kaaka, yaani nyanya. Yeye alizungumza Rukiga, na binti yangu mkubwa, aliyekwisha kuiokota lugha hiyo shuleni, akawa mkalimani. Bibi alichukua udongo wa kitalu changu, akaufinya, maji yakachuruzika kati ya vidole vyake.

"Afande," akasema, "mbegu inataka kunywa, haitaki kuoga."

Kisha alinifundisha. Kitalu kiinuliwe kidogo ili maji yasituame. Udongo ulainishwe na kuchanganywa na samadi iliyooza barabara, kwani mbichi huunguza. Mbegu zisizame zaidi ya sentimita moja, nazo zipandwe kwa mistari, si kwa kutawanywa. Juu litandazwe jani kavu, liondolewe mara miche inapochomoza. Maji yatiwe kwa kiasi, asubuhi. Na miche iliyosongamana ipunguzwe bila huruma, maana unyevu na msongamano ndivyo vinavyoleta ule ugonjwa wa kinyausi ulioiua miche yangu.

Nilimwambia kwamba kung'oa mche mzima kunanisikitisha. Akanionyesha vilima kwa mkono. Watu wa Kigezi wanaujua msongamano. Katika miaka ya 1940 serikali ya wakati ule ilikazania hifadhi ya udongo hapa, kanda za majani zikaachwa kukingama mteremko ili mvua isiuburure udongo bondeni. Na familia nyingi zikahamishiwa sehemu zenye nafasi zaidi. "Waliobaki walipata kula, na waliokwenda walipata kula," alisema Kaaka. Basi nikapunguza.

Kwa sababu ya baridi, mbegu zilikawia siku kumi kuota. Baada ya wiki sita nilihamisha miche 60 jioni, jua likiwa limepoa, nikaacha nusu mita kati ya mche na mche. Sota waliikata tisa usiku. Niliwafukua kwenye udongo kwa mkono kila alfajiri kabla ya gwaride. Mwishoni mwa Februari tulikata kabichi ya kwanza. Nilimpelekea Kaaka, naye akaigawa kwa kisu, akaturudishia nusu iliyo kubwa. Usiku huo mtoto wetu wa mwisho aliomba aongezewe.

Mwaka uliofuata ilikuja amri ya uhamisho, kama nilivyokuwa nimehofia. Kitalu kilikuwa na miche ya wiki tatu. Nilimkabidhi koplo aliyeingia katika nyumba ile ufunguo, kisha nikampeleka nyuma ya nyumba na kumwonyesha kiasi cha maji. Niliondoka na moyo mzito. Lakini mfukoni nilikuwa na pakiti ya mbegu.

Ndugu askari, na ninyi akina mama wa kambini, msiseme kama nilivyosema mimi. Anzeni na kitalu kisichozidi urefu wa kitanda, na mbegu za aina moja. Zikifa, muulizeni jirani anayelima. Na amri ya kuhama ikija kabla ya mavuno, mwachieni mwenzenu kitalu kilicho hai. Huenda huko mwendako yupo aliyewaachia ninyi.