Anakata miti usiku kucha, na kuni hatuna

Dada yangu ndiye aliyenisukuma kuandika haya. Asubuhi moja alikuwa akipuliza makala yaliyonyeshewa, moshi umejaa jikoni, akamtazama mtoto wake aliyekuwa bado amelala saa tatu ya mchana, akaniambia: "Yaya, huyu anakata miti usiku kucha, na kuni hatuna." Watu wote uani wakacheka. Mimi pia nilicheka. Baadaye nikajuta kidogo.

Ndugu wasomaji, nanyi mnaotusikiliza kila jioni, wengi wenu mnajua nyumba yetu ya hapa Butembo ilivyojaa. Dada alifika na watoto wake mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, M23 ilipouteka mji wa Kanyabayonga. Walitembea kwa miguu, wakapata motari sehemu fulani ya njia, wakafika na magodoro mawili na sufuria moja. Huyu mkubwa alikuwa na miaka 19, yuko mwaka wa sita wa sekondari, Mtihani wa Serikali uko mbele yake kwa wiki chache tu. Hakuufanya. Alichokuja nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu kulikuwa na mchezo.

Mchezo unaitwa Old School RuneScape. Niliuona mara ya kwanza nikadhani ni wa watoto wa shule ya mwanzo, maana picha zake ni za pembe-pembe kama sanduku. Kumbe ni mkongwe. Ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower, waliuanzisha mwaka 2001, na huu wa kijana wetu ni namna ya zamani iliyorudishwa mwaka 2013 kwa sababu wachezaji waliulilia. Ndani yake maelfu ya watu kutoka nchi mbalimbali wako pamoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtu wake mdogo anayemwendesha. Unaweza kupigana, lakini pia unaweza kuvua samaki, kuchimba mawe, kupika, kukata miti. Kijana wetu anakata miti.

Namna yake ni hii. Unagusa mti, mtu wako anaupiga shoka mpaka gogo linaingia mfukoni. Mfuko una nafasi 28. Ukijaa, unakwenda kuweka magogo benki au unayatupa, unarudi. Mti uliokatwa unaota tena baada ya muda mfupi. Gogo la mti wa kawaida linakupa alama 25. Alama zikikusanyika unapanda nivo. Nivo ya juu ni 99, na ili uifikie unahitaji alama 13,034,431. Nilipiga hesabu kwenye daftari langu la habari: kwa miti ya kawaida tu ni zaidi ya magogo 521,000. Iko miti mingine inayolipa zaidi, lakini hata hiyo ni magogo kwa maelfu na maelfu. Na wenye mchezo wamefanya ujanja mmoja: kila nivo ni ndefu kuliko iliyotangulia, hata ukifika 92 ndipo umefika katikati ya njia. Wachezaji huita kazi hiyo kwa Kiingereza neno la kusaga, kama unga kwenye mashini. Unasaga, unasaga, unangoja kilichotoka.

Nilimwuliza kijana: "Sasa faida ni nini?" Akasema, "Mjomba, hapa najua."

Sikuelewa jibu lake mpaka usiku ule aliponiachia simu. Alikuwa na homa, akaniomba nimwendelezee kidogo ili mega za usiku zisimalizike bure. Nikakaa mlangoni na simu ya mtoto, mimi mtu mzima. Nikagusa mti. Nikangoja. Nikagusa mwingine. Baada ya karibu saa nzima, juu ya kichwa cha yule mtu mdogo pakapasuka fataki, na maneno yakatokea ya kumpongeza kwamba amepanda. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Nilitaka hata kumwamsha. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu aliniambia kwamba nimesogea mbele.

Hapo ndipo nikaelewa. Mama yake aliandikishwa kwenye orodha ya msaada mara tatu tangu wafike. Mara moja alipata. Mara ya pili jina halikuonekana, mara ya tatu walisema wangoje, na bado wanangoja. Kijana mwenyewe hushinda depo ya mbao akibeba mbao za eukalyptus; siku nyingine analipwa, siku nyingine anaambiwa mwenye mali hajauza. Lakini usiku gogo moja ni alama 25. Jana ilikuwa 25, kesho itakuwa 25. Hakuna anayemwambia kwamba orodha imefungwa. Hakuna anayemwuliza ametoka kijiji gani.

Nivo yake wakati huo ilikuwa 71. Alijivunia sana. Nilimwonyesha hesabu: alikuwa na alama 814,000 na kitu, yaani sehemu moja tu kati ya kumi na sita za safari yote. Nilidhani atavunjika moyo. Akacheka: "Basi kazi ipo."

Ningeishia hapo kama isingekuwa habari ya pesa.

Kuna watu duniani ambao kusaga huku kumewalisha kweli. Mnaokumbuka habari za Venezuela mnajua jinsi pesa yao ilivyoporomoka, mshahara wa chini ukafika dola chache tu kwa mwezi. Vijana wengi wa huko, na wazee pia, waliingia RuneScape kutafuta dhahabu ya mchezo. Walikwenda kwenye pori la hatari la mchezo, mahali ambapo mchezaji anaweza kumwua mwenzake na kuchukua alichobeba, wakiua majoka ya kijani na kuuza mifupa na ngozi zao. Dhahabu waliyopata waliwauzia wachezaji wa nchi tajiri wasiotaka kusaga wenyewe. Ilikuwa karibu nusu dola kwa saa. Kwetu mtu angecheka, lakini pale ilipita mshahara wa mwalimu. Tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka 2019 umeme ulipokatika karibu nchi nzima ya Venezuela kwa siku kadhaa, wachezaji wa mbali waliona soko la mchezo linabadilika. Ndivyo wengine walivyojua ni mikono ya nani iliyokuwa ikiwachimbia.

Na hawakupendwa. Mwaka 2017 mchezaji mmoja aliandika maelekezo ya namna ya kuwawinda Wavenezuela kwenye majoka hayo, jinsi ya kuwatambua na kuwaua ili wapoteze walichobeba. Maandishi yaliondolewa, lakini watu wengi walikuwa wameyasoma na kucheka. Kijana wetu aliponisomea hayo alinyamaza kidogo. Hapa mtaani wanamwita "deplase", kana kwamba wazazi wake hawakumpa jina.

Basi akapata wazo. Kama wao waliweza, kwa nini si yeye? Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, sheria za mchezo zinakataza kuuza dhahabu kwa pesa halisi. Wenye mchezo wakikugundua wanaweza kufunga konti yako na kazi yako yote ikapotea. Pili, nilimsimulia ya Ufilipino. Huko mwaka 2021, wakati wa korona, watu wengi waliingia mchezo mwingine unaoitwa Axie Infinity. Kuanza kulihitaji wanyama watatu wa kununuliwa, na bei ilipopanda walifika mamia ya dola. Asiye na pesa alikopeshwa wanyama na tajiri, akacheza, wakagawana mapato. Kwa miezi fulani ilikwenda vizuri kweli. Halafu sarafu ya mchezo, iliyokuwa imepita senti 30 za dola katikati ya 2021, ikaanguka chini ya senti moja ndani ya mwaka uliofuata. Mwezi wa 3 mwaka 2022 wezi wa mtandaoni wakaiba zaidi ya dola milioni 600 kwenye mfumo wake. Waliokopa kununua wanyama walibaki na deni na wanyama wasio na thamani.

Alinisikiliza vizuri, kama vijana wanavyosikiliza wakiwa wameshaamua.

Kulikuwa na mtu kwenye kikundi cha WhatsApp. Mimi simjui, na kijana naye hamjui zaidi ya sauti yake, Kiswahili kizuri, mpole, anaita kila mtu "ndugu yangu". Alisema anatafuta wasagaji. Atakupa konti yenye nguvu, utasaga dhahabu, yeye atauza na kulipa kila wiki kwa simu. Kuingia ni dola 25. Na kwa wale wenye konti zao, wampe neno la siri ili aziunganishe.

Dola 25 kijana alizitoa kwenye mbao. Najua ni safari ngapi za mgongo, kwa sababu nilikuwa nikiona mabega yake. Hakumwambia mama yake, mimi naye akaniambia baada ya kutuma. Wiki ya kwanza alilipwa dola 6. Akanunua kilo za mchele na samaki wakavu, nyumba nzima ikala, na mimi, lazima niseme ukweli, nikanyamaza na maneno yangu ya Ufilipino. Nikafikiri labda nimezeeka. Wiki ya pili, "ngoja kidogo, ndugu yangu". Wiki ya tatu namba haikupatikana, kikundi kikafutwa, konti yenye nguvu ikakataa kufunguka. Halafu akajaribu konti yake mwenyewe, ile ya nivo 71. Nayo neno la siri lilikuwa limebadilishwa.

Nilidhani atalilia dola. Hakuzitaja. Alikaa nyuma ya nyumba akalia juu ya ile miti.

Dada alipopata habari alikasirika kama mama yeyote. Alimwambia: "Tumeacha nyumba, tumeacha shamba, tumeacha mbuzi, baba yako tumemzika huko. Wewe unalilia miti ya simu?" Kijana akajibu bila kuinua kichwa: "Mama, vile vingine sikuvifanya mimi. Hii niliifanya mwenyewe." Dada alisimama pale na mwiko mkononi. Kisha akakaa chini kando yake, na sisi wengine tukaondoka.

Tangu nilipoanza kuuliza-uliza mtaani, nimekutana na vijana wengine wanne waliopitia mlango huohuo, wawili kati yao wa familia zilizohamishwa. Mmoja alitoa pesa ya msaada ambayo mama yake alikuwa amepokea kwa simu siku hiyohiyo. Kwa hiyo nawaomba wazazi na walezi: mkimwona mtoto anakesha kwenye mchezo, mwulizeni anafanya nini humo kabla ya kumcheka. Tulimcheka huyu, ndiyo maana alimwendea mtu aliyemchukua kwa uzito. Nanyi vijana, anayewapa kazi ya kweli hawatozi pesa ya kuingia. Na neno la siri la konti, kama lile la pesa ya simu, hampewi mtu, hata awe na sauti tamu namna gani. Mkishatapeliwa, semeni mapema, msione haya. Kijana wetu angesema wiki ya pili, pengine konti yake tungeiokoa.

Swali la kama mchezo ni mzuri au mbaya kwake, sina jibu moja. Kiingereza chake kimeongezeka. Juzi alinitafsiria barua nzima. Usingizi wake umepungua, na asubuhi depo inaanza saa kumi na mbili. Dada angetaka simu iuzwe. Mimi nimesema ibaki kwa sasa, na tumeelewana kwamba saa nne ya usiku inazimwa, ingawa nasikia kuna siku inazimwa saa sita. Ada ya Mtihani wa Serikali tumeanza kuiweka pembeni kidogo-kidogo, katika kopo la maziwa, na kijana mwenyewe ndiye anayeandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kiasi kinachoingia. Ameichora kwa mistari, kama nivo. Bado tuko chini ya nusu.

Jana usiku alikuja mlangoni kwangu. Ameanza konti mpya tangu sifuri, amefika 34. Aliuliza kama nina mega zilizobaki kwenye simu yangu kabla hazijaisha saa sita. Zilikuwepo kidogo, nikampa.